Saini ya Mwalimu, Saini ya Serikali: Karne ya Mvutano katika Shule za Umma za Kenya

Kabla ya mwaka 1967, kulikuwa na swali kuhusu mwalimu wa Kenya ambalo hata mwalimu mwenyewe hakuweza kulijibu kwa neno moja: nani anamlipa? Mmoja alilipwa na misheni, mwingine na bodi ya elimu ya wilaya, mwingine na baraza la kaunti, mwingine na serikali kuu. Walimu wawili wenye cheti cha aina moja, wanaofundisha darasa la nne katika shule mbili zinazopakana, waliweza kupokea mishahara tofauti, siku tofauti, na mmoja akafutwa kazi kwa jambo ambalo kwa mwajiri wa mwenzake halikuwa kosa.

Hapo ndipo historia hii inapoanzia. Ni historia ya mambo matatu ambayo Wakenya wamezoea kuyajadili kila moja peke yake: mshahara wa mwalimu, mzigo wa kazi yake, na uwajibikaji wake mbele ya mzazi na serikali. Mishahara hujadiliwa walimu wanapogoma. Mzigo hutajwa shule zinapofunguliwa na madarasa kufurika. Uwajibikaji huibuka matokeo ya mitihani yanapotangazwa. Ukiyafuata yote matatu kwa pamoja, mwaka baada ya mwaka, unakutana na jambo lile lile: mwalimu ametakiwa kuwajibika tangu siku ya kwanza, na kwa maandishi. Mwajiri wake ndiye ambaye mara nyingi ametia saini kisha akageuka.

Mtumishi wa kanisa

Mwanzoni mwa karne ya 20, elimu ya Mwafrika nchini Kenya ilikuwa mikononi mwa wamishonari. Serikali ya kikoloni ilitoa ruzuku kidogo, misheni zikaendesha shule, na mwalimu akawa mtumishi wa kanisa kabla ya kuwa mtaalamu wa kazi yake. Siku za wiki alifundisha kusoma na kuhesabu, Jumapili akawafundisha wakatekumeni. Msimamizi wa misheni ndiye aliyemwajiri, ndiye aliyemkagua na ndiye aliyemfukuza. Mwalimu aliyeoa mke wa pili alijua kazi imekwisha, hata kama wanafunzi wake ndio waliosoma vizuri kupita wote.

Mwaka 1929 utaratibu huo ulitikisika. Katika nchi ya Wakikuyu, misheni ya Kanisa la Scotland na misheni nyingine zilizoshirikiana nayo zilikuwa zikipinga tohara ya wasichana. Ziliwataka waumini na walimu wao waweke saini au alama ya kidole kwenye tamko la kuikana desturi hiyo, na pamoja nayo chama cha siasa cha Kikuyu Central Association. Tamko hilo watu waliliita kirore. Mwalimu aliyekataa alipoteza kazi. Leo sheria ya Kenya inakataza ukeketaji, na inafanya haki kuukataza. Lakini siku ile mwalimu aliwekewa kwenye sahani moja mambo mawili, mwili wa msichana na chama cha siasa cha watu wazima, akaambiwa atie kidole kwa yote au aondoke. Hakukuwa na chombo cha kukata rufaa, wala mwajiri mwingine wa kumkimbilia.

Waliofukuzwa hawakunyamaza. Wazazi walijenga shule zao, zikasimamiwa na vyama viwili vya shule huru, kile cha KISA na kile cha Karing'a. Mwaka 1939 Mbiyu Koinange, aliyekuwa amerejea kutoka masomoni Marekani, alifungua chuo cha walimu cha Githunguri ili shule hizo zipate walimu wake. Malipo yalitegemea michango ya wazazi, na michango haikuja kila mwezi. Hata hivyo walimu walifundisha, hadi mwaka 1952 serikali ilipotangaza hali ya hatari na kukifunga chuo cha Githunguri pamoja na shule huru nyingi.

Kwa waliobaki katika shule zinazotambuliwa, ubaguzi ulikuwa kwenye mshahara wenyewe. Mfumo wa elimu uligawanywa kwa rangi: shule za Wazungu, za Waasia na za Waafrika. Mwaka 1948 Tume ya Holmes, iliyochunguza utumishi wa umma katika nchi za Afrika Mashariki, iliidhinisha kanuni kwamba Mwafrika mwenye sifa zile zile na kazi ile ile alipwe tatu kwa tano ya mshahara wa Mzungu. Mwaka uliofuata ikaja ripoti ya Beecher kuhusu elimu ya Waafrika, iliyosisitiza usimamizi na ukaguzi mkali zaidi wa shule. Viongozi wa Kiafrika waliipinga kwa sababu waliona inapunguza kasi ya watoto wao kusoma. Kwa mwalimu, ujumbe wa nyaraka hizo mbili zikisomwa pamoja ulikuwa mzito: utakaguliwa zaidi, na utalipwa pungufu.

Haishangazi basi kwamba walimu ndio waliojaa mstari wa mbele wa siasa. Eliud Mathu, aliyesoma Fort Hare na Oxford na kufundisha katika Shule ya Upili ya Alliance, alikuwa Mwafrika wa kwanza kuteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1944. James Gichuru alikuwa mwalimu. Daniel arap Moi, aliyeingia katika baraza hilo mwaka 1955, alitoka moja kwa moja darasani.

Mwajiri mmoja

Desemba 4, 1957, walimu wa Kiafrika kutoka sehemu mbalimbali za nchi waliunda Chama cha Kitaifa cha Walimu, KNUT. Kilisajiliwa mwaka 1959. Moi, akiwa mbunge, aliitetea hoja ya walimu kuwa na chama kimoja, na KNUT kimeendelea kumtaja kwa jambo hilo katika historia yake. Tutakutana naye tena.

Dai kuu la chama kipya halikuwa nyongeza ya shilingi. Lilikuwa mwajiri mmoja: mshahara mmoja kwa cheti kimoja, kanuni moja za nidhamu, na mlango mmoja wa kubisha mambo yakiharibika. Mwaka 1962, kabla hata bendera ya mkoloni haijashushwa, walimu walifanya mgomo wao wa kwanza wa nchi nzima. Uhuru ulipofika, serikali ya Jomo Kenyatta iliunda tume ya elimu chini ya Profesa Simeon Ominde, na hoja ya kuwaweka walimu wote chini ya chombo kimoja ikapata nguvu. Migogoro iliendelea kwa sababu mabaraza ya kaunti, yaliyopewa shule za msingi, hayakuwa na fedha, na mishahara ilichelewa kwa miezi.

Mwaka 1967 Bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha Tume ya Huduma za Walimu, TSC. Ni vigumu kwa kizazi cha leo kuelewa uzito wa hatua hiyo. Mwalimu wa Turkana na mwalimu wa Kiambu, Mkatoliki na Mwislamu, walipata nambari katika daftari moja la ajira. Nambari ya TSC ikawa kitambulisho ambacho mwalimu wa Kenya hukikumbuka kwa kichwa hadi uzeeni. Uwajibikaji nao ulipata utaratibu: mashtaka ya nidhamu yalisikilizwa na tume, si na padri au diwani. Huu ndio ushindi mkubwa zaidi ambao walimu wa Kenya wamewahi kuupata, na ulipatikana kwa kuuliza swali la nani anawajibika kwao.

Kazi iliongezwa kwa tamko

Baada ya mgomo wa mwaka 1969, miaka karibu 30 ilipita bila mgomo mkubwa wa kitaifa. Chama kiliongozwa tangu miaka ya 1970 na Ambrose Adeya Adongo, mtu aliyejua kuzungumza na serikali bila kuvunja daraja. Ilikuwa enzi ngumu kwa vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1980 chama cha watumishi wa serikali kilipigwa marufuku, lakini KNUT kilisalia.

Utulivu wa mishahara haukuwa utulivu wa kazi. Katika miaka hiyo sera kubwa za elimu zilikuwa zikitangazwa kwanza, kisha walimu wakaachwa wazitafutie njia. Mwaka 1974 karo ya madarasa manne ya kwanza iliondolewa, na watoto wakamiminika shuleni kabla ya walimu kuongezwa. Mwaka 1979 Rais Moi aliondoa ada zilizobaki za shule za msingi na kuanzisha maziwa ya Nyayo, yaliyogawiwa wanafunzi bila malipo. Mwalimu ndiye aliyepokea maboksi, akahesabu pakiti na kuzigawa. Mwaka 1985 ukaja mfumo wa 8-4-4. Shule ya msingi iliongezewa darasa la nane, na masomo mapya yakaingia: kilimo, sanaa na kazi za mikono, sayansi ya nyumbani, muziki, biashara. Mwalimu aliyesomea kufundisha hesabu na Kiswahili alitakiwa Jumatatu afundishe kushona na Jumanne useremala, katika karakana ambazo wazazi walikuwa bado wanachangishana harambee kuzijenga.

Hakuna mkataba wowote wa malipo uliojadiliwa upya kwa sababu ya mzigo huo. Kazi ya mwalimu iliongezwa kwa tamko la rais; mshahara wake ulisubiri kamati.

Karatasi ya 1997

Katika miaka ya 1990 bei zilipanda, shilingi ikashuka, na mshahara wa mwalimu ukaliwa na soko kabla ya katikati ya mwezi. Serikali ilikuwa imebanwa na wafadhili, na katikati ya 1997 Shirika la Fedha la Kimataifa lilisitisha mkopo wake. Uchaguzi mkuu ulikuwa umepangwa Desemba 29 mwaka huo. Mwalimu wa kijijini si mpiga kura tu. Ndiye anayesimamia kituo cha kura, ndiye anayesomea wazee barua, na neno lake kanisani na barazani lina uzito.

Oktoba 1997 walimu waliweka chaki chini kwa karibu wiki mbili. Serikali ilisalimu amri haraka: nyongeza ya asilimia 150 hadi 200, ilipwe kwa awamu tano. Marupurupu ya nyumba, matibabu na mazingira magumu yaliandikwa katika Tangazo la Kisheria Nambari 534 la mwaka 1997. Walimu walirudi darasani wakishangilia. Awamu ya kwanza ililipwa. Moi alishinda uchaguzi.

Kisha serikali ikasema haina fedha. Oktoba 1998 walimu waligoma tena, safari hii kudai kilichokwisha kusainiwa, na Moi, mwalimu wa zamani aliyewasaidia kupata chama, alisimama imara kwamba hatalipa. Mgomo ulimalizika bila awamu ya pili. Mwaka huo huo serikali ilisitisha ajira mpya za walimu. Wangeajiriwa tu wa kujaza nafasi za waliostaafu, waliofariki au walioacha kazi. Na mwaka huo huo walimu wa shule za upili waliunda chama chao, KUPPET.

Wapo wanaosema mkataba wa 1997 haukulipika tangu siku ulipoandikwa. Huenda ni kweli. Lakini hiyo ndiyo hoja yenyewe. Walioutia saini walikuwa na vitabu vya hazina mbele yao. Kama walijua haulipiki, waliwanunulia walimu matumaini kwa ajili ya kura. Kama hawakujua, hawakufanya kazi yao. Kwa vyovyote vile, ahadi ni deni, na deni la 1997 lilibebwa mezani katika kila mazungumzo kwa zaidi ya miaka 15 iliyofuata. Walimu walipogoma tena mwaka 2002, miezi michache kabla ya uchaguzi mwingine, bado walikuwa wanazungumzia karatasi ile. Serikali ya Mwai Kibaki ilipoingia ilikubali kulipa awamu zilizobaki kwa kuzitandaza miaka mingi zaidi.

Januari 2003

Januari 2003 serikali hiyo mpya iliondoa karo ya shule za msingi. Lilikuwa jambo jema, na yeyote aliyewaona watoto wakipanga foleni mbele ya ofisi za walimu wakuu atakubali. Idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ilipanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2 ndani ya mwaka mmoja. Mwaka 2004 Kimani Maruge, mzee wa miaka 84, aliandikishwa darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, na dunia nzima ikamwona akiwa amevaa kaptura ya shule.

Kamera hazikumfuata mwalimu aliyekuwa mbele ya darasa. Agizo la 1998 la kusitisha ajira lilikuwa bado linafanya kazi. Watoto zaidi ya milioni moja waliongezeka, walimu hawakuongezeka. Hebu tulitazame jambo hili kwa karibu. Mwalimu ana wanafunzi 80 katika darasa moja, jambo la kawaida wakati ule. Amewapa zoezi la hesabu. Akitumia dakika mbili kusahihisha kila daftari, zoezi hilo moja linachukua saa 2 na dakika 40. Siku hiyo hiyo ana vipindi vingine sita au saba, kila kimoja na zoezi lake, na kesho yake anatakiwa kuwa na andalio la kila somo. Hawezi. Kwa hiyo anasahihisha mistari michache, au anawapa wanafunzi wabadilishane madaftari, au anaandika majibu ubaoni na kila mtoto ajisahihishe. Mtoto aliyekaa nyuma, asiyejua kusoma, anapanda darasa la nne akiwa hajawahi kugunduliwa.

Tafiti za shirika la Uwezo zilizoanza mwishoni mwa muongo huo ziliwagundua watoto hao. Zilionyesha watoto wengi wa darasa la tatu walioshindwa kusoma hadithi ya darasa la pili. Tafiti nyingine ziliuma zaidi: wachunguzi walipofika shuleni bila taarifa, waliwakuta walimu wengi wakiwa ndani ya uwanja wa shule lakini nje ya darasa wakati wa kipindi. Walimu walikasirika, wakasema wametwikwa lawama za serikali. Hasira yao ilikuwa na msingi, lakini ukweli ule haukufutwa nayo. Mzazi maskini wa Kwale au Migori hana shule nyingine ya kumpeleka mtoto wake. Saa ambayo mwalimu anakaa kwenye chumba cha walimu wakati darasa linamsubiri inatoka kwa mtoto huyo, na hakuna mkataba utakaoirudisha.

Wazazi nao walijitafutia njia yao ya kudai hesabu. Kila matokeo ya KCPE, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, yalipotangazwa, habari zilijaa visa vya wazazi waliofunga lango la shule kwa mnyororo na kumfukuza mwalimu mkuu kwa sababu alama zimeshuka. Alama za mtihani zikawa kipimo pekee cha mwalimu. Kipimo hicho hakikuuliza darasa lilikuwa na watoto wangapi.

Septemba 2011 mgomo ulikuja ukiwa na sura mpya. Dai kubwa halikuwa mshahara wa walioajiriwa. Lilikuwa kuajiriwa kwa kudumu kwa walimu wa mkataba takriban 18,000 na kuongezwa kwa walimu madarasani. Safari hiyo walimu waligoma kwa ajili ya idadi ya wenzao, na serikali ikakubali kuwachukua walimu hao wa mkataba. Mzazi yeyote aliyeelewa hesabu ya madaftari alikuwa na sababu ya kuwaunga mkono.

Mandera, kisha mahakamani

Katiba ya 2010 ilibadilisha mizani. TSC ikawa tume ya kikatiba. Haki ya kugoma ikaandikwa waziwazi, na elimu ya msingi ya bure na ya lazima ikawa haki ya kila mtoto. Lakini Katiba hiyo hiyo iliunda Tume ya Mishahara na Marupurupu, SRC. Walimu waliohangaika miaka ya 1960 kupata mwajiri mmoja walijikuta tena mbele ya milango miwili: mmoja wa anayewaajiri, mwingine wa anayetoa ushauri kuhusu malipo. Mwaka 2013 waligoma kwa zaidi ya wiki tatu kudai marupurupu yaliyoandikwa katika Tangazo la Kisheria la 1997. Mtoto aliyezaliwa mwaka 1997 alikuwa na miaka 16.

Novemba 22, 2014, karibu na mji wa Mandera, magaidi wa al-Shabaab walisimamisha basi lililokuwa likielekea Nairobi na kuwaua abiria 28. Wengi wao walikuwa walimu waliokuwa wakienda nyumbani kwa likizo ya Krismasi. Walimu kutoka sehemu nyingine za nchi walikataa kurudi kaskazini mashariki, wakapiga kambi Nairobi wakiomba uhamisho. TSC iliwaamuru warudi kazini la sivyo wangechukuliwa hatua. Watoto wa Mandera, Wajir na Garissa walikuwa na haki ya kufundishwa, na shule zao zilibaki karibu tupu. Walimu nao walikuwa na haki ya kuishi. Yeyote aliyetaka kuuelewa uwajibikaji wa pande mbili angeanzia hapo: haiwezekani kumtaka mtu ajibu kwa nini hayupo darasani bila kwanza kujibu nani anamlinda njiani.

Mwaka uliofuata mvutano ulifika kilele. Juni 30, 2015, Jaji Nduma Nderi wa Mahakama ya Ajira na Leba aliamuru walimu waongezwe asilimia 50 hadi 60, kwa kipindi cha miaka minne kuanzia Julai 2013. TSC ilikwenda Mahakama ya Rufaa, kisha Mahakama ya Juu, kuomba amri hiyo isimamishwe; haikufaulu. Septemba 1 walimu waligoma, wakiwa na hukumu mkononi. Septemba 20 Rais Uhuru Kenyatta alilihutubia taifa kupitia televisheni. Alisema mishahara ya watumishi wa umma imekwisha kumeza sehemu kubwa mno ya mapato ya nchi. Msimamo wa serikali yake ulikuwa kwamba haiwezi kulipa na haitalipa.

Hoja ya hazina haikuwa ya kupuuzwa. Walimu ndio kundi kubwa kuliko yote katika utumishi wa umma. Nyongeza ndogo kwao ni mabilioni ya shilingi kila mwaka, na shilingi hizo hutoka pia kwenye dawa za hospitali na barabara. Lakini serikali ilikuwa na mahakama ya kupeleka hoja hiyo, na mahakama ilikuwa imekwisha sema. Rais aliyeapa kuilinda Katiba alipowaambia raia kwamba hukumu haitatekelezwa, watoto waliokuwa wakisomeshwa uraia walijifunza somo ambalo halimo katika vitabu vyao.

Mgomo ulidumu wiki tano. Wizara iliamuru shule zifungwe, isipokuwa kwa watahiniwa. Mishahara ya Septemba ilizuiwa. Mwishoni mwa Septemba Jaji Nelson Abuodha alisimamisha mgomo kwa siku 90, na Oktoba 5 walimu wakarudi kazini. Novemba 6 Mahakama ya Rufaa ilifuta nyongeza yote, ikisema ushauri wa SRC haukuweza kurukwa. Walimu walirudi walikotoka, wakiwa wamekatwa mshahara. Wanafunzi wa shule za umma walifanya mtihani wa taifa muhula huo huo, karatasi zile zile, na wenzao wa shule za kibinafsi ambazo nyingi hazikupoteza muda kama wao.

Daftari la kiranja

Oktoba 2016 pande zote zilionekana kuchoka. TSC na vyama vilitia saini mkataba wa pamoja wa shilingi bilioni 54 kwa miaka minne kuanzia 2017, bila mgomo na bila kelele. Kwa sehemu kubwa mkataba huo ulilipwa. Ulithibitisha kwamba jambo hilo linawezekana fedha zikipangwa kabla ya kutia saini.

Mwaka huo huo TSC ilieneza nchi nzima mfumo wa kutathmini walimu, TPAD. Kila muhula mwalimu alijipima, akapimwa na mkuu wake, na kuambatisha ushahidi: skimu ya kazi, andalio la somo, rekodi ya maendeleo ya wanafunzi. Darasani kulikuwa na daftari la mahudhurio ya vipindi. Kiranja wa darasa, mtoto wa miaka 12, alijaza saa mwalimu alipoingia na saa alipotoka, na mwalimu akaweka saini.

Wazo la msingi lilikuwa sahihi. Baada ya yale yaliyoonekana katika tafiti, kuhakikisha kwamba mwalimu yuko darasani ni haki ya mtoto. Lakini shule nyingi hazikuwa na umeme wala intaneti, na walimu walijikuta wakipanga foleni kwenye saiba za mjini mwisho wa muhula, wakilipa kwa fedha zao ili kupakia ushahidi kwamba wamefanya kazi. Muda uliotakiwa kwa madaftari 80 ulikwenda kwenye fomu. KNUT kiliupinga mfumo huo pamoja na sera ya kuwahamisha walimu mbali na kaunti zao, na mabishano yakarudi mahakamani.

Yaliyofuata yalidhoofisha chama kikongwe kuliko kitu kingine chochote. Julai 2019 mahakama iliamua kuhusu mwongozo mpya wa kupandishwa vyeo, na TSC ikautekeleza uamuzi huo kwa namna ambayo wanachama wa KNUT walikosa nyongeza ambazo wenzao walizipata. Walimu walihama chama kwa maelfu kila mwezi. Ndani ya miaka miwili chama kilichokuwa na zaidi ya wanachama 180,000 kilibaki na sehemu ndogo tu ya idadi hiyo, na katibu wake mkuu Wilson Sossion akajiuzulu mwaka 2021. Mkataba uliotiwa saini mwaka huo haukuwa na nyongeza hata ya shilingi moja hadi ulipofanyiwa marekebisho mwaka 2023.

Sekondari msingi

Januari 2023 mtaala mpya wa umilisi ulifika hatua ya sekondari msingi, na darasa la kwanza la ngazi hiyo likawekwa ndani ya shule za msingi. Kwa mara nyingine sera ilitangulia walimu. Katika shule nyingi mwalimu mmoja au wawili walipokea masomo yote: hisabati, sayansi jumuishi, kilimo, Kiingereza, masomo ya jamii. Wengi wao walikuwa wanagenzi, wahitimu wa vyuo vikuu wenye nambari za TSC, waliolipwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato kwa kazi ile ile anayoifanya mwalimu aliyeajiriwa. Aprili 2024 mahakama iliamua kwamba kuwaajiri kwa masharti hayo walimu waliokwisha kuhitimu na kusajiliwa ni kinyume cha sheria. Mwezi uliofuata waligoma, wengine wakapewa barua za kuwasimamisha kazi. Mwanzoni mwa 2025 serikali hatimaye iliwapa ajira ya kudumu.

Mtu aliyeishi miaka ya 1920 angeitambua hali hiyo. Walimu wawili, cheti kimoja, darasa moja, mishahara miwili. Zamani tofauti ililetwa na rangi na misheni. Sasa ilikuja kwa barua ya unagenzi.

Tunachoweza kudai

Historia hii haimwachi mwalimu bila lawama, na mwalimu mzuri hataki iwe hivyo. Mwalimu asiyeingia darasani anamwibia mtoto wa maskini, na chama kinachomtetea mtu huyo kinawadhulumu wanachama wake wanaofika shuleni saa kumi na mbili asubuhi. Mahudhurio yapimwe. Wakaguzi wafike shuleni. Mtoto asiyejua kusoma agunduliwe darasa la pili, si la saba.

Lakini wenye haki ya kudai hayo ni wale wanaotimiza upande wao, na upande huo haujawahi kuandikiwa daftari. Kila sera ya kuongeza wanafunzi, masomo au madarasa itangazwe pamoja na idadi ya walimu watakaoajiriwa, tarehe ya kuajiriwa na fungu la bajeti. Kila mkataba wa malipo upitie SRC na hazina kabla ya kutiwa saini, na ukishatiwa saini Bunge liuwekee fedha kama linavyoweka za kulipa mikopo ya nje. Pengo la walimu la kila kaunti lichapishwe kila mwaka, ili mzazi anayetaka kufunga lango la shule ajue kwanza shule hiyo ina upungufu wa walimu wangapi. Na tathmini ya mwalimu ipunguzwe ibaki na maswali machache yanayomhusu mtoto: je, mwalimu alikuwepo, je, alifundisha, je, mtoto anajua leo asichokijua jana?

Mkataba wa 2016 ulionyesha kwamba serikali ya Kenya inaweza kuahidi inachoweza kulipa na kulipa inachoahidi. Ule wa 1997 ulionyesha gharama ya kufanya kinyume, na gharama hiyo ililipwa kwa wiki za masomo na watoto ambao siku ulipotiwa saini walikuwa hawajazaliwa. Walimu wametia kidole, wametia saini na wamejaza fomu kwa takriban karne nzima. Sasa serikali, ya chama chochote, ipimwe kwa kipimo kile kile: ilitia saini nini, lini, na imetekeleza kiasi gani. Mzazi ana haki ya kuiuliza hivyo kila muhula.